Kyaka tulipelekwa, Kampala tulikwenda: Nani huchagua vita?

Ndugu msomaji, hapa Nkome tuna desturi ya kukaa barazani baada ya sala ya Isha. Siku za mbalamwezi baraza hujaa zaidi, kwani wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Hukaa pale pamoja na wachuuzi wa mwaloni, vijana waliorudi kutoka machimbo ya Nyarugusu na wazee wachache ambao usingizi umeshawapungukia. Redio huwekwa katikati na ikishamaliza taarifa ya habari, mjadala huanza.

Usiku mmoja habari zilikuwa za vita, kama ilivyo kawaida. Kijana mmoja akasema: "Jamani, Marekani haianzishi vita. Watu wanaichokoza, ndipo inalazimika kupigana. Taifa kubwa halina muda wa kutafuta ugomvi." Mwenzake akamkatiza: "Hakuna taifa kubwa linalolazimishwa na mtu. Kila vita wanayopigana waliipanga zamani, wakakaa wanasubiri sababu." Baraza likagawanyika pande mbili. Waliokuwa upande wa kijana wa pili walikuwa wengi zaidi, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao.

Baba yangu mdogo alikuwepo na hakuwa amesema neno. Mwaka 1978 alichukuliwa kutoka katika mgambo akaenda mstari wa mbele, na alirudi mwaka 1979 akiwa na mguu ambao mpaka leo humsumbua wakati wa masika. Vijana wakamgeukia. "Mzee, wewe umepigana. Taifa linachagua vita au linavutwa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nimepigana vita moja tu. Kyaka tulipelekwa. Kampala tulikwenda." Akachukua fimbo yake, akatuaga, akaenda zake kulala.

Nimefundisha historia katika shule za msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Vita vya Kagera nilikuwa nikivifundisha kwa sentensi tatu: Amin alituvamia, tukampiga, tukashinda. Maneno ya baba mdogo yamenionyesha kuwa nilikuwa nafundisha nusu ya somo. Ndio maana nimeona niandike makala hii, kwani swali la vijana wale ni zito kuliko lilivyoonekana pale barazani, na majibu yote mawili waliyoyatoa yana hatari ndani yake.

Vita si uamuzi mmoja

Kosa la kwanza tunalofanya ni kuviona vita kama jambo moja lenye mwanzo mmoja. Tunauliza nani alirusha risasi ya kwanza, na tukishampata tunafunga kesi. Lakini vita ni maamuzi mengi yanayofuatana. Kuna uamuzi wa kujibu shambulio. Kuna uamuzi wa kuvuka mpaka. Kuna uamuzi wa kukataa au kukubali usuluhishi, wa kuteka mji mkuu, wa kubaki au kuondoka. Ni kama nyumba yenye milango mingi. Mtu anaweza kusukumwa akajikuta ameingia mlango wa kwanza bila hiari yake. Haimaanishi kuwa milango yote iliyofuata alisukumwa vilevile.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake mashuhuri ya Novemba 1978, alituachia maneno matatu ambayo kila Mtanzania wa rika langu anayakumbuka: sababu, uwezo na nia. Alisema vyote vitatu tunavyo. Tuyachukue maneno hayo matatu kama mizani, kisha tupime nayo vita vyetu wenyewe kabla hatujapima vya wengine. Maana ni rahisi sana kuhukumu vita vya Marekani, lakini vya kwetu tuliimbiwa tukiwa watoto.

Mlango wa kwanza: Kagera

Idi Amin alichukua madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971. Rais aliyepinduliwa, Milton Obote, alipewa hifadhi Dar es Salaam. Nyerere hakumtambua Amin. Mnamo Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliovuka mpaka kutoka upande wetu walijaribu kuiteka Masaka na Mbarara, wakashindwa vibaya. Ndege za Amin zikajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi uliofuata, kwa usuluhishi wa Siad Barre wa Somalia, pande mbili zilitia saini mkataba wa Mogadishu, wa kuondoa majeshi umbali wa kilometa kumi kutoka mpakani na kuacha kuwasaidia wapinzani wa upande wa pili.

Nayataja haya kwa sababu vitabu vyetu vya shule huyaruka. Chuki ile haikuanza mwaka 1978, na sisi hatukuwa watazamaji tu. Tulichagua kumhifadhi Obote, na kwa maoni yangu kumhifadhi mtu aliyekimbia kuuawa ni jambo la heshima. Lakini watu wenye silaha waliovuka mwaka 1972 hawakutokea angani.

Pamoja na hayo, hakuna linaloweza kuhalalisha kilichofanyika miaka sita baadaye. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka yakaiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo lile ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, wanawake wakadhalilishwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka, na hata kiwanda cha sukari cha Kagera hakikusalimika. Inakadiriwa kuwa raia wapatao 1,500 walipoteza maisha.

Wanahistoria mpaka leo wanabishana kama Amin aliupanga uvamizi ule au alivutwa na askari wake mwenyewe waliokuwa wameasi na kukimbilia mpakani. Kwa mwananchi wa Kyaka aliyechomewa nyumba ubishi huo hauna maana. Kwake yeye na kwa serikali yake, vita vilikuja mlangoni. Hapa mizani iko wazi. Sababu tulipewa na adui, tena hatukuitafuta. Baba mdogo alisema "tulipelekwa", na yuko sahihi. Hakuna serikali duniani ambayo ingekaa kimya.

Mlango wa pili: Mutukula

Sasa tusogee mbele, ambako sentensi zangu tatu za darasani hazikufika. Katikati ya Novemba 1978 Amin alitangaza kuwa anayaondoa majeshi yake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ukataka kusuluhisha. Nyerere akakataa usuluhishi wa namna ile. Alitaka kwanza OAU imlaani mvamizi, Amin akane madai yake juu ya ardhi yetu, na Tanzania ilipwe fidia. Madai hayo yalikuwa ya haki. Lakini tuseme ukweli, kuanzia siku ambayo ardhi yetu ilirudi mikononi mwetu, kila hatua iliyofuata ilikuwa ya kuamua.

Mnamo Januari 1979 jeshi letu lilivuka mpaka likaiteka Mutukula. Hoja ilikuwa ya kijeshi: pale ni mahali pa juu, na kama adui angebaki pale mizinga yake ingeendelea kutupiga. Hoja nzuri. Lakini Mutukula nyumba zilibomolewa na raia wakauawa kwa kisasi, na inajulikana kuwa Nyerere mwenyewe alishtushwa na habari hizo akaamuru raia wasiguswe tena. Kisha ikaja hoja ya Masaka na Mbarara: Bukoba na Kyaka ziliharibiwa, basi na wao waonje. Masaka ikatekwa Februari 1979. Baada ya hapo matarajio yalikuwa kwamba Waganda wenyewe watainuka wamalize kazi. Hawakuinuka kwa nguvu iliyotarajiwa. Ndipo Libya ikaingia.

Gaddafi alipeleka askari, wengi wao wanamgambo wasio na uzoefu wowote wa vita, wakaja kufia katika matope ya Lukaya mwezi Machi. Mwishoni mwa mwezi huohuo ndege ya kivita ya Libya ilikuja kupiga Mwanza, ikakosa shabaha, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Sisi watoto wa mwambao huu tulikatazwa kuwasha moto usiku. Nakumbuka mama akifunika jiko kwa sufuria.

Mwezi huohuo vikundi vya Waganda waliokimbia nchi yao vilikutana Moshi kuunda serikali ya badala, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa jeshi letu. Mapema Juni tulikuwa tumefika mpaka wa Sudan.

Angalia mtiririko huo, ndugu msomaji. Hakuna mahali ambapo mtu alikaa mwezi Novemba akaamua kwamba tutafika mpaka wa Sudan. Kila hatua ilijengwa juu ya hatua iliyotangulia, na kila moja ilionekana kuwa ya lazima. Mutukula kwa sababu ya Kagera, Masaka kwa sababu ya Bukoba, Kampala kwa sababu ya Lukaya. Hivi ndivyo taifa linavyovutwa. Lakini aliyelivuta si adui peke yake. Chaguo lake lenyewe la jana ndilo linaloliburuta leo.

Je, nasema kuwa kumng'oa Amin lilikuwa kosa? Hapana. Waganda wengi mno waliuawa katika utawala wake wa miaka minane, na siku Kampala ilipoanguka watu walicheza barabarani. Kungekuwa na hoja nzito kwamba kumwacha ni kumsubiri arudi. Ninachosema ni kwamba lilikuwa chaguo. Chaguo linaweza kuwa la haki, na mwenye kulifanya anaweza kusifiwa nalo. Ila hawezi kusema alilazimishwa. Katika mkutano wa OAU uliofanyika Monrovia Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimshutumu Nyerere mbele ya wenzao kwa kuipindua serikali ya jirani. Shutuma zile zilikuwa na unafiki mwingi, kwani hao hao hawakuwa na la kusema Kagera ilipotekwa. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa halali.

Nani alilipa

Kwa takwimu zinazotajwa, Tanzania ilipoteza askari 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapambano yenyewe. Waliobaki walichukuliwa na ajali na maradhi. Gharama za vita zilikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, kwa nchi ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeivunjikia mikononi mwaka 1977 na ambayo bei ya mafuta iliipanda kichwani mwaka 1979. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Ndugu zangu, mkanda ule haukufunguliwa kwa miezi 18. Tulipanga foleni za sukari, sabuni na khanga mpaka katikati ya miaka ya 80. Marehemu mama yangu alizikwa na khanga ya kuazima. Sitaki kusema vita peke yake ndivyo vilivyotufikisha pale, kwani sera zetu na ukame navyo vilichangia. Lakini vita vilichukua fungu kubwa.

Na Waganda je? Yusuf Lule alitawala siku 68. Akaja Binaisa, akaondolewa. Ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote, kisha vita vya msituni na mauaji ya Luwero mpaka mwaka 1986. Na jambo moja ambalo halisemwi sana: baada ya Amin kuanguka, Waislamu wa Ankole waliokuwa raia wa kawaida waliuawa katikati ya mwaka 1979, wanawake na watoto wakiwemo, kwa sababu tu walikuwa na dini ya Amin. Askari wetu hawakwenda Uganda kupigana na Uislamu, na baba mdogo aliyefunga saumu handakini hawezi kukubali kauli hiyo. Lakini anayevunja serikali ya nchi nyingine hurithi na dhamana ya walio dhaifu katika nchi ile, apende asipende.

Madola makubwa

Tukiwa na mizani hiyo mkononi, sasa tuwatazame wakubwa.

Mwezi Agosti 1964 serikali ya Marekani iliwaambia wananchi wake kuwa meli zake zimeshambuliwa mara mbili katika ghuba ya Tonkin, Vietnam. Bunge likampa rais ruhusa ya kutumia nguvu. Baadaye ilithibitika kuwa shambulio la pili halikuwepo. Waamerika zaidi ya 58,000 wakafa Vietnam, na Wavietnam kwa mamilioni. Mwezi Februari 2003 waziri wa mambo ya nje Colin Powell alikaa mbele ya Baraza la Usalama akaeleza habari za silaha za maangamizi za Iraq. Mwezi uliofuata nchi ile ikavamiwa. Wakaguzi wa Marekani yenyewe wakaja kukiri mwaka 2004 kuwa shehena za silaha hizo hazikuwepo. Hapa kijana wa pili wa baraza letu alikuwa na haki ya kusema. Nia ilikuwepo, uwezo ulikuwepo, sababu ikatengenezwa.

Lakini Afghanistan si sawa na Iraq. Tarehe 11 Septemba 2001 watu karibu 3,000 waliuawa ndani ya Marekani. Ile ilikuwa sababu, na hatuwezi kuikana kwa kuwa tu hatumpendi aliyeipata. Sisi wenyewe tulizika watu 11 Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, na Nairobi walizika zaidi ya 200, wengi wao wapita njia wasiojua hata ubalozi unafanya kazi gani. Hata hivyo, sababu ya Oktoba 2001 haiwezi kuwa sababu ya miaka ishirini. Marekani iliondoka Kabul Agosti 2021, na Taliban walewale wakaingia ikulu. Ndani ya miaka hiyo milango mingapi ilifunguliwa kwa hiari?

Somalia nayo ni somo la namna hiyohiyo. Mwezi Desemba 1992 askari wa Marekani walishuka Mogadishu kulinda chakula cha wenye njaa. Kufikia katikati ya mwaka 1993 kazi ilikuwa imegeuka kuwa msako wa Jenerali Aidid. Tarehe 3 na 4 Oktoba wakafa Waamerika 18 na Wasomali kwa mamia, na mwezi Machi 1994 wakaondoka. Nani aliwavuta kutoka kwenye magunia ya unga mpaka kwenye msako? Walijivuta wenyewe, hatua kwa hatua.

Na ukitaka ushahidi kuwa taifa lenye nguvu lina hiari, usitazame vita lilivyopigana. Tazama lilivyokataa. Mwezi Aprili 1994 Rwanda ilikuwa inachinjwa. Sababu ya kuingilia ilikuwepo kuliko sababu zote nilizozitaja. Uwezo ulikuwepo. Nia haikuwepo. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilipunguza askari wa Umoja wa Mataifa kule Rwanda mpaka 270. Wiki moja baadaye wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Na mto Kagera, mto uleule ambao Amin aliutaka uwe mpaka, ukabeba miili mpaka ndani ya ziwa hili. Watu wa mwambao wakaacha kula samaki. Wavuvi hapa Nkome walikaa na sangara waliokosa mnunuzi, na hakuna aliyewalaumu wanunuzi.

Anayeweza kukaa nje wakati wa Rwanda hana haki ya kusema hakuweza kukaa nje wakati wa Iraq.

Majirani nao

Tusidhani kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu. Ukubwa ni wa kulinganisha, na kila nchi ina jirani aliye dhaifu kuliko yeye.

Desemba 2006 Ethiopia iliingia Somalia kuzing'oa Mahakama za Kiislamu, ikisema usalama wake uko hatarini. Iliondoka Januari 2009, na mwisho wa mwezi huohuo Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa kiongozi wa Mahakama hizo hizo, akachaguliwa kuwa rais wa Somalia na dunia ikampongeza. Katikati ya safari hiyo Al-Shabaab walikuwa wamekua kutoka kikundi cha vijana mpaka jeshi. Oktoba 2011 Kenya nayo ikavuka mpaka baada ya watalii kutekwa Lamu na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab. Sababu ilikuwa ya kweli. Lakini nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovuja zilionyesha kuwa mpango wa kuifanya Jubaland kuwa ukanda wa kinga ulikuwa ukijadiliwa Nairobi zaidi ya mwaka mmoja kabla. Sababu ilikuta nia imeshakaa barazani. Westgate mwaka 2013 na chuo kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 waliuawa, ni mauaji ambayo hakuna Muislamu mwenye akili anayeweza kuyatetea. Lakini waliouawa hawakuwemo katika kikao chochote kilichoamua vita.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi watu wa ukanda wa dhahabu ni Kongo. Mwaka 1998 Uganda iliingia mashariki ya Kongo ikisema inajilinda dhidi ya waasi waliokuwa wakivuka mpaka. Kongo ikaishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliikataa hoja ya kujilinda. Ilisema kuwa kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilometa kutoka mpakani hakulingani na mashambulizi yaliyodaiwa kufanywa mpakani. Mwaka 2022 ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325, ambapo milioni 60 kati yake ni kwa ajili ya maliasili zilizoporwa, dhahabu ikiwemo. Hapo utaona kuwa hata mahakimu wa kidunia wanatumia mizani ileile ya baba mdogo. Waliuliza: kama ulikuwa unajilinda mpakani, kilikupeleka nini kule mbali?

Kwa nini tusikubali majibu mepesi

Sasa nirudi kwa vijana wangu wawili. Yule anayesema "wamelazimishwa" anawafutia wakubwa hisabu. Mtu aliyelazimishwa hana dhambi, hana deni, hana maelezo ya kutoa kwa mjane wala yatima. Ndio maana watawala wote hulipenda neno hilo.

Lakini yule anayesema "kila kitu kimepangwa" naye anawafutia hisabu bila kujua. Kama kila vita vimeandikwa tangu zamani katika vyumba vya siri, basi hakuna kiongozi anayepaswa kuulizwa kwa nini alikataa usuluhishi siku fulani, wala hakuna mwananchi anayeweza kuzuia kitu. Kinachobaki ni kunung'unika barazani. Nakiri kuwa sisi wasomaji na waandishi wa kurasa hizi tumeupenda sana upande huu wa pili. Tunaona njama kila mahali, kwa sababu njama nyingine ni za kweli. Lakini tunapokuwa wepesi wa kuamini kila habari inayomchafua tusiyempenda, tunakuwa tumefanya kosa lile lile la waliomwamini Powell. Surat Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari inayoletwa na mtu fasiki kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo haikusema tuchunguze habari za maadui tu.

Sura hiyohiyo inaeleza kuwa makundi mawili ya waumini yakipigana yapatanishwe, na kundi moja likimdhulumu mwenzake lipigwe mpaka lirejee katika amri ya Mungu, na likirejea upatanishi ufanywe kwa uadilifu. Mimi si sheikh, na wenye elimu watanisahihisha. Lakini naona mafunzo matatu pale. Suluhu inatangulia, vita vina mpaka wake, na baada ya vita kuna kazi ya uadilifu. Mataifa mengi yana sababu ya mlango wa kwanza. Yanapoharibikia ni kwenye huo mpaka.

Kwa hiyo, mtu akikwambia nchi yake imevutwa vitani, muulize maswali machache. Sababu aliletewa au aliitafuta, na nani ameithibitisha? Nia ilizaliwa baada ya sababu, au ilikuwa inaisubiri? Adui alipotoa mkono wa suluhu, ulipokewa au uligongwa? Ardhi yake ilipokuwa salama, aliendelea kwenda wapi, na kwa ajili ya nani? Na mwisho, bili imelipwa na waliokaa kwenye kikao au na waliokuwa kwenye foleni ya sukari?

Maswali haya yanatuhusu hata leo. Askari wetu wamekwenda Anjouan mwaka 2008 na mashariki ya Kongo tangu 2013. Desemba 2017 walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki kwa usiku mmoja. Sisemi walipelekwa kwa makosa. Nasema kuwa nchi inayopeleka watoto wake inapaswa kujua, mlango kwa mlango, wapi imepelekwa na wapi imekwenda yenyewe.

Juzi nilimsomea baba mdogo makala hii kabla sijaituma. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anaukanda mguu wake. Nikamuuliza kama nimekosea mahali. Akasema sikukosea, ila nimesahau kitu kimoja: kwenye njia ya Masaka walikuwa wakiimba, na hakuna aliyewalazimisha kuimba.

Wabillahi tawfiq.